Meli Isiyo na Tumbo

Mwaka baba alipopooza mkono wa kulia, nilikuwa mhudumu wa wodi hospitalini Ifakara, nina miaka thelathini na mitatu, sina mume, na nilikuwa nimechoka. Nalisema hili mapema ili mtu asihangaike kutafuta sababu nyingine huko mbele. Wapo watu ambao wakisimulia habari za kuuguza wazazi wao hujipamba kwa uvumilivu mpaka unajiuliza kama walikuwa watu au malaika. Mimi nilimwuguza baba yangu miezi saba. Nilimpikia, nikamwogesha, nikamfungia vifungo vya shati, na karibu kila siku ya miezi hiyo nilitamani atokee mtu mwingine aifanye kazi hiyo.

Baba alikuwa fundi mitumbwi. Alikuwa akiishi upande wa Chita, nyumba moja na kaka yangu na mke wake, na tangu ujana wake hakujua kazi nyingine ila kuchonga. Kiangazi huingia msituni, huchagua mti, huuangusha, huuchimba kwa tezo la kuchongea mwezi hadi mwezi, kisha husubiri masika. Bonde likijaa, maji yenyewe huja karibu na gogo, na watu huusukuma mtumbwi ukaelea bila taabu. Mtumbwi ambao haukukamilika kabla ya maji kuja hubaki msituni mwaka mzima, na mwaka mzima ni jua, mchwa na nyufa. Kiharusi kilimkuta mwezi wa nane, gogo limechimbwa nusu. Walimbeba kwa machela mpaka stesheni, wakampakia kwenye treni, akaletwa Ifakara kwa sababu hospitali ipo, na kwa sababu mimi nipo.

Alitoka wodini baada ya wiki tatu. Mdomo ulikuwa umerudi mahali pake, mguu ulikuwa unaburuta kidogo, lakini mkono wa kulia ulining'inia tu. Kaka alikuja kumwona, akakaa siku mbili, akala wali wangu, akasema, "Dada, wewe ndiye uko karibu na madaktari," akapanda treni akaenda zake. Hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili nyuma ya soko. Baba nilimpa chumba chenye kitanda, mimi nikahamia sebuleni na godoro.

Ukimsikia mtu anasema kuuguza ni kuzuri, mwulize kama aliwahi kurudi nyumbani kutoka wodini, ambako ameshinda akiinua wagonjwa, akakuta nyumbani kuna mwingine wa kuinua. Niliamka saa kumi na moja. Nikachota maji bombani, nikawasha mkaa, nikapika uji, nikamtoa baba nje, nikamwosha uso, nikamvalisha, nikamweka kwenye kiti chake kibarazani, nikakimbia kazini. Jirani yangu, mama mmoja wa Kisukuma ambaye mumewe alikuwa amehamia bondeni na ng'ombe wake, alikuwa anachungulia mara mbili tatu kumwona, akimletea na kikombe cha maziwa. Jioni nilirudi nikaanza upya kutoka mwisho kwenda mwanzo: kumvua, kumwosha, kumlisha, kumlaza. Na muda wote huo baba alikuwa na habari moja tu.

"Gogo litapasuka, mama."

Aliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

"Halitapasuka, baba. Kaka amelifunika majani."

"Kaka yako hajui kufunika hata sufuria."

Hapo alikuwa anasema kweli.

Pale hospitalini palikuwa na mama wa Kizungu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mrefu, mwenye miguu mikubwa na kicheko cha karibu. Alikuwa amempa baba mpira wa kuminya. Baba aliuminya siku moja, siku ya pili akaniambia nimrudishie mwenyewe, yeye si mtoto wa kucheza mpira. Nilipomrudishia, yule mama hakukasirika. Alikuwa katika wiki zake za mwisho Ifakara, anafunga mizigo, na nyumba yake ilikuwa imejaa maboksi. Aliingia ndani akatoka na kasha la karatasi ngumu lenye picha ya meli kubwa ya kijivu, juu yake zimepangwa ndege za vita. Akaniambia mume wake alilinunua zamani na hakuwahi kulifungua. Ndani mna vipande vya plastiki, mtu anavibandika kimoja kimoja mpaka inatokea manowari ya kubebea ndege, yenye urefu wa kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi kidole.

"Vidole vyake vinataka kazi ndogo ndogo," alisema. "Baba yako ni fundi. Mpe kazi ya fundi. Siku akiweza kushika vipande hivi bila kudondosha, ataweza kufunga vifungo, ataweza kula, ataweza kukaa bila wewe."

Ataweza kukaa bila wewe. Maneno hayo niliyabeba njia nzima mpaka nyumbani, na nakiri kwamba sikuyabeba kwa ajili ya baba.

Nilimkuta kibarazani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwekea kasha mapajani. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Hii ndo nini?"

"Meli ya vita, baba. Inakaa baharini, ndege zinaruka kutoka juu yake na zinarudi kutua."

Nilitegemea ashangae. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshangaa. Baba alisogeza picha mbali na macho, akairudisha karibu.

"Pantoni," alisema.

"Siyo pantoni, baba, ni manowari."

"Ile ya kivukoni inabeba malori. Hii inabeba ndege. Pantoni tu."

Akalipiga kasha kwa mkono wa kushoto, shauri limekwisha. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia kwamba ukiimaliza meli hii, na hizo ndege zote ukazibandika kwa mkono wako wa kulia, mimi mwenyewe nitakupandisha treni urudi Chita kabla ya masika. Aligeuza shingo akaniangalia usoni.

"Unaapa?"

"Naapa."

"Basi nipe wembe."

Vipande vilikuwa vimeshikamana kwenye fremu za plastiki, kila kimoja kina namba yake ndogo. Palikuwa na karatasi ya maelekezo, michoro mitupu na maneno ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, na tyubu ya gundi. Wembe nilimkatalia, vipande nikakata mimi. Tulianza na vile vikubwa. Nilikuwa nakisia mchoro, namtajia namba, yeye anatafuta kipande kwa jicho la kazi, halafu anakishika kwa kushoto na kukiegemeza kwenye kiganja cha kulia. Ubavu mmoja, ubavu wa pili, kisha sitaha, yaani ile sakafu ya juu ambako ndege zinatua. Jumapili mbili zilitosha. Tulipomaliza, baba akaigeuza meli juu chini ili aone kazi yake, na uso wake ukabadilika.

"Tumbo liko wapi?"

Nilitazama. Chini palikuwa wazi kama bakuli tupu, ukaona ndani mpaka dari.

"Sijui, baba. Labda ni kimoja cha hivi vilivyobaki."

Hakikuwepo. Tulitafuta ndani ya kasha, tukatafuta chini ya kitanda, jirani akaja akatafuta nasi, akainua hata godoro langu. Baba akakata kauli kwamba yule Mzungu ametupa chombo kilichoibwa tumbo, na kwamba chombo bila tumbo si chombo. Nikavaa kanga nikaenda kwa mguu mpaka nyumba za madaktari, jua la saa nane linawaka, kumwuliza mwenyewe kama kipande cha chini hakikubaki kabatini.

Yule mama alicheka mpaka akakaa juu ya boksi. Hakunicheka kwa ubaya, naelewa sasa, lakini siku ile nilisimama pale mlangoni na vumbi miguuni, natamani ardhi inimeze. Akanieleza kwamba meli hizi zipo za aina mbili. Hii yetu imetengenezwa kuanzia pale maji yanapofika kwenda juu. Sehemu ya chini huwa imezama, haionekani, kwa hiyo waliotengeneza hawakuiweka. Unaiweka mezani, inaonekana kana kwamba inaelea. "Meza ndiyo bahari," alisema.

Nilirudi nikamweleza baba neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Amesema meza ndiyo bahari?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mezani kuna maji?"

"Hakuna, baba."

"Sasa mama, chombo ni tumbo. Huko juu hata mlevi anaweza kujenga. Ukitaka kumjua fundi, pindua chombo." Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akiwahurumia watu wa kiwanda kile. "Wamechoka kazi, wakaona wakate tu."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na baba naye akaanza, upande mmoja wa uso ukiwahi kuliko mwingine. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu aje. Kisha akanituma kutafuta kipande cha mti wa msufi, kwa kuwa ni laini na mwepesi, na mtu mwenye mkono mmoja na nusu anaweza kuumudu. Niliutafuta siku mbili baada ya kazi, miguu imevimba, namlaani kimoyomoyo yeye na yule Mzungu na msufi wenyewe. Nikaupata kwa mpasua mbao mmoja.

Tezo lake dogo alikuwa amekuja nalo. Nilidhani limo ndani ya furushi lake kwa bahati, kumbe alipokuwa anabebwa kwenye machela, hajiwezi, mdomo umepinda, alikuwa amelionyesha kwa jicho mpaka wakaliweka. Alikaa kibarazani na ule msufi katikati ya magoti. Mwanzo alichonga kwa kushoto huku kulia kukiugandamiza mti usihame. Baada ya wiki kama mbili nilirudi kutoka kazini nikakuta mikono imebadilishana. Kulia ndiko kulikoshika tezo, vidole vimelikumbatia vyote kwa pamoja, na kushoto kumekishika kifundo cha mkono huo kukiongoza. Mapigo yalikuwa mafupi na dhaifu. Yalikuwa yanapiga mahali pale anapotaka.

Niliingia ndani nikasimama nyuma ya pazia, machozi yananitoka, na katikati ya machozi hayo kichwa changu kilikuwa tayari kinahesabu miezi iliyobaki mpaka masika.

Tumbo lilikamilika mwezi wa kumi na mbili. Lilikaa chini ya ile plastiki sawasawa, hata unywele usingepita. Tukaliweka lile dude kwenye beseni la kufulia, na jirani akaitwa ashuhudie. Meli ikaelea. Ikainama upande wa kulia taratibu, ikakaa hivyo, sitaha imekwenda mshazari.

"Nilijua," alisema baba. "Angalia wameijenga nyumba upande mmoja."

Ni kweli. Kile kijumba cha meli, chenye milingoti na madirisha, kilikuwa kimebandikwa ukingoni upande wa kulia badala ya katikati. Baba alishangaa ni fundi gani anaweka mzigo wote upande mmoja. Akaitoa majini, akalichonga tumbo upya, upande wa kulia akaupunguza kwa ndani ili uwe mwepesi, upande wa kushoto akauacha mnene. Kazi ya siku tisa. Tulipoirudisha kwenye beseni, ilikaa imenyooka. Jirani alipiga kigelegele. Baba akaiacha majini mchana kutwa, kama anavyofanya kwa mitumbwi, kuona kama ina nia ya kubadilika, na hakuna aliyeruhusiwa kufua.

Kama hadithi ingeishia kwenye beseni lile, ningeisimulia kwa furaha kila mahali. Lakini ahadi yetu ilihusu ndege.

Zilikuwa ishirini. Kila moja kiwiliwili chake, mabawa yake, mkia wake, na vipande vingine vidogo kiasi kwamba ukipiga chafya umevipoteza. Kushika tezo ni kazi ya kiganja kizima. Kushika bawa la ndege ile kunataka ncha za vidole viwili, na vidole hivyo vya baba havikuwa vinaambiana. Nilimletea kibano kilichochakaa kutoka wodini. Akakataa kibano, kwa sababu tulikubaliana mkono. Akawa anakaa na sinia mbele yake asubuhi hadi jioni, kidole gumba na cha shahada vikisogeleana, vikitetemeka, vikipishana. Wiki tano akamaliza ndege sita. Zilikuwa mbovu, gundi imefurika, mabawa yamepanda juu, lakini zilikuwa zake.

Tukaingia mwezi wa pili. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa milima, na watu mtaani wakaanza kuzungumza habari za majembe. Baba akaacha kula vizuri.

Siku moja nilirudi nimechoka kuliko kawaida. Wagonjwa wawili walikuwa wamefariki mikononi mwetu na wote walikuwa watu wazito kuinua. Nilimkuta baba sakafuni, kifudifudi, anapapasa chini ya kiti. Bawa lilikuwa limedondoka. Alikuwa hapo muda mrefu, na hakutaka kuliacha bawa aende chooni, kwa hiyo alikuwa amejikojolea. Jirani siku hiyo alikuwa msibani. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu begani, na kitu kikakatika ndani yangu.

Nilimfokea. Nilimfokea baba yangu mzazi, mwenye mvi, aliyelala chini. Nikasema mambo ya nguo za kufua, mambo ya mgongo wangu, mambo ya kaka, nikasema hata kwamba gogo lake libaki huko lioze, mimi sina gogo. Nilimwinua, nikamwosha, nikambadilisha nguo. Nilipokuwa namfunga kifungo cha mwisho akasema, "Bawa lipo karibu na mguu wa meza. Mimi nimeliona, ila sikulifikia." Nililiokota.

Kesho yake niliamka kabla ya muda wangu. Baba alikuwa bado amelala. Nikachukua sinia nikakaa nalo mlangoni, kulipopambazuka, nikabandika ndege mbili. Hazikunichukua hata robo saa. Nilishangaa urahisi wake. Nikazichanganya na zake, nikaenda kuwasha mkaa.

Nilijiambia ni huruma. Anateseka, nikajiambia, namsaidia mzee wangu, mkono wake umeshapona vya kutosha, hizi ndege ni masharti tu na masharti niliyaweka mimi. Jioni nilitazama uso wake. Hakuonyesha kitu. Aliniambia tu kwamba leo amefanya kidogo. Asubuhi iliyofuata nikabandika nyingine, na nyingine tena. Gundi ikaisha, tyubu ikabaki ganda. Nikafanya kama tunavyofanya kwa ndoo zilizopasuka, maana hakuna mwanamke wa mtaa wetu aliyewahi kutupa ndoo kwa ajili ya ufa: nikaipasha sindano kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, nikayeyusha plastiki pale bawa linapokutana na kiwiliwili, nikashikilia mpaka ikaganda. Zilishika vizuri kuliko za gundi. Moja ilipinda bawa kwa moto, nikaiweka hivyo hivyo. Ndani ya siku kumi zangu zilitimia kumi na nne.

"Baba, zimeisha!" nilisema jioni ile, kwa sauti ya mtu anayeshangilia goli.

"Zimeisha?"

"Hesabu mwenyewe. Ishirini."

Alizihesabu. Alichukua moja moja kwa mkono wa kulia, polepole, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha, akaiweka juu ya sitaha. Alichukua muda wake wote. Nilipotazama alipomaliza, alikuwa amepanga chache mbele karibu na pua ya meli, na nyingi nyuma, katikati ameacha nafasi. Nikadhani ndivyo inavyokaa kwenye picha ya kasha.

"Umeapa," alisema.

"Nimeapa, baba. Jumamosi."

Nilituma salamu kwa kaka. Nikafua nguo za baba zote, nikapiga pasi, nikamnunulia kandambili mpya. Wiki ile nilikuwa mwema kupita kiasi. Nilimpikia samaki, nikamkanda mgongo, nikamwimbia hata nyimbo za kanisani alizozipenda. Jirani aliniambia, "Babu akiondoka utamkumbuka," nami nikasema ndiyo, sana, na midomo yangu ilikuwa inajua uongo wake.

Jumamosi stesheni ilijaa watu na magunia. Treni ilichelewa, kama kawaida yake, tukakaa kwenye benchi la saruji, furushi katikati yetu. Nilikuwa nimelifunga kasha la meli kwa kamba asubuhi ile nikaliweka juu ya mizigo, lakini sasa sikuliona.

"Baba, meli iko wapi?"

"Nimeiacha mezani."

"Kwa nini? Si ungewaonyesha kina kaka?"

Alikuwa anatazama reli. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya goti, vidole vimejikunja.

"Tumbo ni langu," alisema. "Na ndege sita ni zangu. Hizo nyingine sitasema ni zangu mbele ya watu."

Nikaanza kujitetea, nikasema baba nilitaka kukusaidia, nilikuona unateseka, nikaongea haraka haraka mpaka mama aliyekaa mwisho wa benchi akageuka kutuangalia. Baba aliniacha nimalize.

"Miaka yote hiyo tunachonga msituni wanne, watano," alisema, "mtumbwi mmoja. Jioni naweza kukuonyesha hapa kapiga nani, na hapa kapiga nani. Mkono wa mtu haujifichi. Ile ya kwanza uliyobandika niliijua asubuhi ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mkono huu haujapona, mama. Kifungo bado siwezi. Unajua, maana unanifunga wewe." Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo. "Nakwenda kwa sababu umechoka. Ungesema tu. Ningeondoka tangu mwezi wa kumi na mbili."

Nimekuwa nikitafuta jibu tangu siku ile, na nimepata mengi mazuri, yote ya kuchelewa. Treni ilipofika nilimshika kwapani nikampandisha, nikamtafutia kiti karibu na dirisha, nikamfunga kifungo cha juu cha shati kilichokuwa kimefunguka. Aliniachia shingo yake nifunge. Aliniambia nisisahau kumrudishia jirani kikombe chake.

Chita alipokelewa na kaka, na kwa miaka minne iliyobaki ya maisha yake aliyemwogesha, kumlisha na kumfunga vifungo hakuwa kaka, alikuwa wifi yangu. Naye alikuwa na watoto watano na shamba la mpunga, na hajawahi kunilaumu kwa neno hata moja. Gogo walilikuta limepasuka pande zote mbili.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilitoka stesheni nikarudi nyumbani kwa mguu. Mvua ya kwanza ilianza kudondoka nikiwa njiani. Niliingia chumbani kwa baba, nikajilaza kwenye kitanda chake na nguo zangu zote, ili nilie. Nilikuwa nimepanga kulia. Nilizinduliwa na jirani anagonga mlango na maziwa, kumekucha, jua limeshapanda, nimelala tangu jana yake jioni bila kugeuka. Sikuwa nimelala vizuri hivyo tangu mwezi wa nane. Mwili ulikuwa mwepesi, kichwa cheupe, na kabla sijakumbuka chochote nilisikia furaha.